Pampu Thelathini na Moja

Kinyaa cha watu wengi huishia mezani: unywele kwenye mchuzi, nzi kwenye chai, yameisha. Kinyaa cha Bi Spiriti hakikuwa na likizo. Kila asubuhi saa moja na nusu aliingia ofisini, akatoa mkobani kichupa cha spiriti na pamba, akafuta kibodi, akafuta kipanya, akafuta mikono ya kiti, kisha akarudi kukifuta kitasa cha mlango alioupitia. Jina likamkaa hapo, naye hakulikataa. Kikombe chake alikifungia kwenye droo. Mpokea simu wa ghorofa ya chini aliwahi kukinywea mara moja kwa kupitiwa, akaambiwa kwa upole kabisa, "Chukua tu, mdogo wangu, sasa ni chako."

Mtu wa namna hiyo kuajiriwa idara ya maji taka, hayo ni mambo ya kucheka hadi kushika mbavu. Lakini msimcheke upesi. Yeye alikuwa mwandishi wa programu, ghorofa ya tatu, dirisha linalotazama maegesho ya magari, na uchafu wa mji mzima ulimfikia ukiwa tarakimu kwenye skrini, hauna harufu wala rangi. Maji yenyewe alikuwa hajawahi kuyatia machoni. Aliyeyaona kwa niaba ya nyumba nzima ni mumewe.

Mumewe, ambaye kazini walimwita Kamba, alikuwa fundi wa mashimo. Bi Spiriti aliolewa na fundi wa mabomba ya maji safi, mwanamume anayenukia sabuni kutwa nzima. Mwaka wa tatu wa ndoa idara ikamhamishia kwenye maji taka, na bibi akalia siku mbili kama aliyeletewa mke mwenza. Siku ya tatu akanyamaza, akaweka sheria. Kamba alioga nyuma ya nyumba, ndoo tatu, sabuni ya kipande na brashi ya kucha, na nguo za kazi hazikuvuka kizingiti. Dada yake Bi Spiriti alimtania mbele za watu: "Wenzio wanapekua simu za waume zao, wewe unapekua kucha." Kamba mwenyewe alicheka, akanyoosha vidole vikaguliwe.

Jambo moja Bi Spiriti alimsifia mumewe, ingawa si mbele yake. Kamba hakushuka shimoni kabla ya kuambiwa. Miaka kumi na tisa, mvua au jua, mkubwa apige kelele asipige, yeye alikaa ukingoni na kamba kiunoni na simu sikioni, akingoja neno moja, ambalo miaka hii ya mwisho lilitoka ghorofa ya tatu: shuka. Wapo mafundi waliomwita mwoga. Wawili kati yao wamekwisha kuzikwa.

Neno hilo lilikuwa na kazi yake. Mji ule ulikuwa na vituo thelathini na moja vya kusukuma maji taka. Kila kituo kilikuwa na shimo, na kila shimo na pampu inayojiwasha yenyewe maji yakipanda. Pampu hizo zinameza kila kitu ambacho si maji: matambara, nepi, mifuko, nywele. Zikikabwa, lazima mtu ashuke akachomoe kwa mkono. Zamani kila kituo kilikuwa na swichi ya kuzimia ukutani, lakini swichi zilikufa kwa kutu, na ombi la kununua mpya lilikuwa mwaka wa nne linatembezwa kutoka meza hii hadi meza ile. Kwa hiyo pampu zilizimwa na ofisi. Fundi anapiga simu. Mwandishi wa programu anafungua faili ya kituo hicho, anabadili neno "fanya" kuwa "lala", anatuma, anangoja skrini ijibu kwamba agizo limepokelewa, kisha anasema shuka.

Sasa njooni muone uozo wenyewe, na simaanishi ule wa shimoni.

Mkuu wa Kitengo, mtu wa tai na viatu vinavyolia, alikuwa ametunga utaratibu uliompatia cheti na picha kwenye ukuta wa mapokezi. Kila kituo kilikuwa na folda yake, na ndani ya kila folda faili nne zenye majina yaleyale. Ile ya kuendesha pampu iliitwa "pampu". Vituo thelathini na moja, faili thelathini na moja, zote pampu. Hata matumbo yake yalifanana herufi kwa herufi, kwa sababu Mkuu alikuwa ameandika kiprogramu cha kunakili: akirekebisha moja, zote zinarekebishika kwa mpigo. Kilichotofautisha faili hii na ile ni jina la folda peke yake. Na jina la folda, kwenye programu waliyoitumia wote kuandikia kazi, Mkuu alilificha. Mipangilio ya kompyuta zote ilitoka kwake. Orodha ya folda iliyokaa kushoto aliifunga. Mstari ulioonyesha njia ya faili aliuondoa. Eti skrini iwe safi, macho yasichoke. Kilichobaki ni majina ya faili zilizofunguliwa, yamejipanga juu kwa mstari: pampu, pampu, pampu, pampu.

Bi Spiriti alipoona hayo mara ya kwanza alihisi kitu kinampanda kooni, na si utani. Kwake uchafu haukuwa matope peke yake. Mswaki wa mtu na mswaki wa mwenziwe, yote ya buluu, katika gilasi moja, huo nao ni uchafu, hata kama yote miwili ni mipya. Basi akaandika jina la kituo juu kabisa ya kila faili, mstari mmoja wa maelezo usiodhuru kitu. Kesho yake mistari yote haikuwapo. Mkuu alikuwa amenakili juu yake. Akaandika tena, ikafutwa tena. Akapanda ghorofani.

"Mkuu, naomba faili ziitwe kwa vituo vyake. Ya Machinjioni iitwe pampu ya Machinjioni."

"Dada, tukifanya hivyo kiprogramu cha kunakili kitavurugika."

"Basi rudisha jina la folda lionekane. Programu yenyewe inaruhusu. Ni kubofya mara mbili."

"Skrini itajaa makorokoro." Mkuu alitabasamu, akafuta kioo cha simu yake kwa ncha ya tai. "Wewe si ndiye mpenda usafi?"

Bi Spiriti aliteremka ngazi kakunja mdomo. Mtu anafuta simu kwa tai, tai hiyohiyo mchana inachovya kwenye supu, halafu anamfundisha yeye usafi. Mwenzake wa dawati la pili, mwanamume mpole mwenye watoto pacha na deni kubwa la usingizi, ambaye wote walimwita Baba Pacha, alimfariji kwa namna yake. "Hata wangu, wametoka siku moja na sura moja, nimewapa majina mawili," alisema. "Na bado kuna siku namwogesha mmoja mara mbili." Wakacheka, maana ukishindwa kulia unacheka. Baadaye kila mtu akatafuta hila yake ya kuishi na balaa lile. Baba Pacha alijitahidi kufungua faili moja tu kwa wakati. Bi Spiriti aliamini kumbukumbu yake: iliyofunguliwa kwanza hukaa kushoto, ya pili hukaa kulia. Miaka minne hakukosea hata mara moja, na alijua hivyo, na alijivunia.

Jumanne moja asubuhi alifungua pampu ya kituo cha Ngozi, kilicho chini ya kiwanda cha ngozi, aone kwa nini inachelewa kuwaka. Saa nne kasoro Kamba akapiga simu kutoka Machinjioni.

"Mama watoto, nipo ukingoni. Leo mafuta yameganda hapa, ukitaka unatembea juu yake. Nilazie."

"Usinisimulie mambo hayo," Bi Spiriti alisema. "Ngoja."

Akafungua pampu ya Machinjioni, ikakaa kulia kwa ile ya Ngozi. Pampu, pampu. Kabla hajagusa kitu, Baba Pacha akamwita aje atazame kosa kwenye skrini yake. Akaenda, akasimama kama dakika mbili, akalionyesha kosa, akarudi, akafuta vidole, akakaa. Akabadili neno. Akatuma. Skrini ikajibu: pampu, agizo limepokelewa.

"Imelala," alisema. "Shuka, baba watoto."

Dakika kumi na moja baadaye pampu ya Machinjioni ilijiwasha, na mkono wa kulia wa Kamba ulikuwa ndani ya mdomo wa pampu hiyo.

Wenzake walimvuta juu kwa kamba. Vidole viwili vilibaki shimoni, na cha tatu madaktari wakakiondoa jioni ileile. Bi Spiriti alimkuta kwenye korido ya hospitali, hajaoshwa, amelowa kile ambacho yeye alikizuia kizingitini miaka kumi na tisa: mafuta ya nyama, damu ya ng'ombe na damu yake mwenyewe, na harufu ile inayokaa kwenye ulimi hata ukifumba mdomo. Wauguzi walikuwa wamerudi nyuma hatua mbili. Bi Spiriti alitapika kwenye ndoo ya takataka, akajifuta mdomo, akaomba beseni na maji ya moto, akamwosha mwenyewe, kucha moja moja, zile zilizobaki. Hakulia. Kichwani alikuwa na jambo moja tu, nalo alilijua kwa uhakika wote: pampu aliilaza yeye, na kuna mtu aliiamsha.

Na huyo mtu alikwisha kumpata. Nani mwingine alikuwa chumbani saa nne? Baba Pacha, msinziaji, mwogesha mtoto mmoja mara mbili. Siku tatu Bi Spiriti hakumwitikia salamu. Alilivuta dawati lake mpaka likagusa ukuta wa pili. Baba Pacha alileta mfuko wa machungwa ampelekee mgonjwa, na Bi Spiriti akauacha palepale sakafuni mpaka machungwa yakaanza kutoa maji, ndipo akamwita mfagizi auzoe. Alimwona yule bwana akimtazama kwa macho ya kuomba, na macho yale yakamzidishia kichefuchefu.

Ijumaa asubuhi ikaja barua. Kamati ingekaa Jumatatu kusikiliza shauri la fundi aliyeshuka shimoni kabla ya kupewa ruhusa. Adhabu ya kosa hilo ilijulikana. Fundi anafukuzwa kazi, na jina lake linaandikwa kwenye daftari la wavunja amri, lile ambalo mafundi wapya husomewa siku ya kwanza ili wajue upumbavu unavyofanana. Bi Spiriti aliisoma barua mara tatu akiwa amesimama. Kushuka kabla ya ruhusa? Kamba? Mtu aliyeitwa mwoga miaka kumi na tisa kwa sababu ya kungoja? Na ruhusa yenyewe ameitoa yeye, kwa kinywa chake, na mumewe akaitikia.

Mchana, wenzake walipokwenda kula, akafunga mlango na kufungua kumbukumbu za mabadiliko. Programu ilikuwa inaandika kila kilichobadilishwa, nani kakibadili, saa ngapi, na katika folda gani, jina la folda likiwa limeandikwa lote. Humo usafi wa Mkuu ulikuwa haujafika. Alitafuta Machinjioni, siku ya Jumanne, akiwa na kalamu tayari ya kunakili jina la Baba Pacha.

Hapakuwa na kitu. Siku ile hakuna aliyeiamsha pampu ya Machinjioni, kwa sababu hakuna aliyeilaza. Akashuka mstari mmoja, akaiona ya Ngozi. Saa nne na dakika tatu, lala. Jina lililoandikwa pembeni lilikuwa lake.

Alikaa pale mpaka wenzake wakarudi kutoka kula. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, mikono inayofutwa mara ishirini kwa siku, na alishindwa kuitazama. Baba Pacha aliingia, akasema "Pole, dada," kama alivyosema kila siku, na Bi Spiriti akashindwa kumtazama naye.

Alipanda kwa Mkuu akiwa na karatasi ya kumbukumbu. Mkuu hakuisoma. Aliitupia jicho tu, akaigeuza.

"Niliiona Jumanne jioni," alisema. "Nikaona nikulinde."

"Unilinde?"

"Makosa ya kibinadamu, dada. Ukiyapeleka kwenye kamati wataanza kuuliza majina ya faili, wataanza kuuliza mipangilio, mambo ya kitaalamu wasiyoyaelewa. Jambo limekwisha. Mzee mwenyewe amekubali, na amesaini."

"Mzee gani?"

"Mumeo. Nilimpelekea karatasi wodini Jumatano."

Mkuu alikuwa anatafuna kitu huku anaongea, na chembe yake iliruka ikatua juu ya ile karatasi. Bi Spiriti aliitazama chembe ile. Ameona uchafu mwingi maishani, na mwingine ameutengeneza mwenyewe kichwani mwake pasipo na kitu, lakini siku ile aliuona wa kweli, umekaa kwenye kiti cha ngozi, umevaa tai. Akatoka bila kuaga.

Wodini Kamba alikuwa anakula uji kwa mkono wa kushoto na kuumwaga nusu. Bi Spiriti alimpokonya kijiko.

"Kwa nini umesaini uongo?"

"Umekula wewe?"

"Baba watoto, usinizungushe. Ulijua ni mimi?"

Kamba alijifuta kidevu taratibu. "Pampu ikilala inanyamaza kabisa," alisema. "Ile ilikuwa inanguruma kidogo. Niliisikia nikiwa katikati ya ngazi. Nikasimama. Nikasema, hapana, mke wangu amesema imelala. Nikaendelea kushuka."

Bi Spiriti alikaa kwenye ukingo wa kitanda, yeye ambaye hajawahi kukalia kitanda cha hospitali hata kwa kuambiwa.

"Ulisikia," alisema.

"Nilisikia."

"Na ukasaini kwamba ulishuka mwenyewe."

"Mimi nimezoea kunuka, mama watoto. Wewe hujazoea. Watu wakikuzibia pua wewe, hutamaliza wiki."

Hapo kingempanda mtu yeyote kilio, lakini Bi Spiriti kilimpanda kinyaa, kikubwa kuliko vyote vya maisha yake. Walikuwa wamepatana, mumewe na yule mtafunaji, kila mmoja kwa sababu yake. Kamba atumbukizwe shimoni mara ya pili, safari hii jina lake, ili yeye abaki juu na pamba yake. Na yeye mwenyewe, akae akifuta kibodi, huku mafundi wapya wanasomewa jina la mumewe kila mwaka?

"Jumatatu nitasema," alimwambia.

"Usiseme."

"Nitasema."

Kamba aligeukia ukuta, na uji ukapoa.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kushuka kwenye kamati, Bi Spiriti alisimama mbele ya dawati la Baba Pacha na kumweleza yote: alivyomdhania, na machungwa alivyoyatupa. Baba Pacha alisikiliza huku anapiga miayo. "Dada, yale machungwa yalikuwa matamu," alisema mwisho, kwa masikitiko ya kweli. Kisha akamwambia aende, yeye angeshika zamu ya simu peke yake.

Kamati ilikaa ghorofa ya chini, kwenye chumba chenye maua ya plastiki na skrini kubwa ukutani. Walikuwa watatu: Mwenyekiti, ambaye alikuwa mama mtu mzima na mhandisi mstaafu mwenye miwani ya kamba shingoni, halafu mwanasheria, halafu afisa usalama. Mkuu wa Kitengo alikaa pembeni yao kana kwamba ni wa nne. Kamba, mkono umefungwa bandeji mpaka kiwiko, alipewa kiti karibu na mlango, mbali na wengine. Mkuu aliisoma ile karatasi ya Kamba kwa sauti ya msibani. Nilishuka kabla ya kupewa ruhusa, kosa ni langu. Mwenyekiti akamgeukia Bi Spiriti, akauliza kama shahidi ana la kuongeza. Kila mtu alijua jibu ni hapana.

"Ninalo, mama," Bi Spiriti alisema. "Ila ni la kuonyesha."

Akachomeka kompyuta yake kwenye ile skrini kubwa. Faili mbili zilikuwa wazi. Juu, kwa herufi ambazo hata Kamba alizisoma kutoka mlangoni: pampu, pampu.

"Moja ya Machinjioni, moja ya Ngozi," alisema. "Machinjioni kuna mtu anangoja kushuka. Mlazieni pampu."

Mwanasheria alinyoosha kidole. "Ya kulia."

"Kwa nini?"

"Basi tu."

Afisa usalama aliinuka akasogea mpaka pua ikakaribia skrini. Alisoma faili ya kwanza mstari kwa mstari, akasoma ya pili, akarudi kwenye ya kwanza. "Zinafanana," alisema.

"Chagua. Mtu anangoja."

"Ya kushoto."

"Jamani, tusifanye michezo," Mkuu alisema. "Ofisini wote wanajua. Ukiweka mshale juu ya jina ukangoja kidogo, njia nzima ya faili inatokea."

"Weka," Bi Spiriti alisema, akampa kipanya.

Mkuu aliweka mshale. Wakangoja. Kikatokea kisanduku cha maandishi madogo. Njia ilikuwa ndefu, ilianza na jina la idara, likafuata la kitengo, kisha programu ikawa imechoka na kuikata kwa nukta tatu, na mwisho wake ukasoma pampu. Mkuu akahamisha mshale kwenye ya pili. Jina la idara, jina la kitengo, nukta tatu, pampu. Alirudi kwenye ya kwanza, akangoja tena, na sasa shingo yake ilikuwa imeanza kulowesha kola.

"Mimi sichagui," Mwenyekiti alisema. "Huwezi kulaza pampu kwa kubahatisha."

"Mimi nilibahatisha, mama. Ubaya ni kwamba sikujua nabahatisha." Sauti ya Bi Spiriti ilikuwa kavu. "Nililaza ya Ngozi. Kisha nikamwambia mume wangu ashuke Machinjioni, na alishuka kwa neno langu. Hiyo karatasi ni uongo, na aliyeipeleka wodini alijua ni uongo. Kumbukumbu hizi hapa. Fungueni mlango mkitaka, kunanuka humu ndani."

Kamba aliinamisha kichwa. Hakuna aliyefungua mlango. Mwenyekiti alivua miwani, akawa anatazama yale majina mawili ukutani, na alipozungumza hakumwambia Bi Spiriti, alimwambia afisa usalama.

"Leo kuna mtu shimoni?"

Afisa alipekua simu yake. "Bondeni. Fundi mmoja. Alishuka saa tatu na nusu."

"Pampu yake imelazwa na nani?"

Wakapiga ghorofa ya tatu, simu ikawekwa mezani isikike kwa wote. Baba Pacha alipokea kwa adabu. Ndiyo, mama, pampu ya Bondeni imelala. Ndiyo, ameilaza yeye mwenyewe.

"Una hakika ni ya Bondeni?"

 Wote mle chumbani waliisikia sauti ya kipanya kikibofya, kikabofya tena, kikaacha. Asubuhi ile mwenzake hakuwapo, simu zilikuwa nyingi, na faili zilizofunguliwa zilikuwa sita.

"Mama," Baba Pacha alisema, "nadhani."

Aliyesimama ni Kamba. Kiti chake kilianguka nyuma yake. "Mpandisheni," alisema, na hapakuwa na aliyeuliza fundi mshitakiwa anatoa amri kwa cheo gani. Afisa usalama alikuwa tayari anapiga Bondeni. Walingoja wamesimama, dakika moja, mbili, nne. Mwanasheria alikuwa anavunja-vunja ua la plastiki. Kisha simu ikalia, fundi wa Bondeni yupo juu, mzima, analalamika kwamba wamemkatiza kazi. Bi Spiriti alikuwa amekwisha kufungua kumbukumbu. Akasoma, akapumua.

"Ilikuwa ya Bondeni kweli," alisema. "Ilikuwa imelala."

Mkuu wa Kitengo alishusha mabega, akajifuta shingo kwa ile tai. "Mnaona sasa?" alisema. "Utaratibu unafanya kazi."

Mwenyekiti alimtazama jinsi mtu anavyotazama kilichoganda chini ya kiatu chake. Aliichukua ile karatasi iliyosainiwa kwa mkono wa kushoto, akaigeuza upande mweupe, akaisukuma mbele ya Bi Spiriti pamoja na kalamu, kalamu iliyotafunwa kichwani na mtu asiyejulikana.

"Andika wewe," alisema. "Anza na jina lako."

Kamba alisema "Mama watoto," kwa sauti ya chini, mara moja tu. Bi Spiriti aliishika kalamu. Aliandika jina lake lote, lile la kwenye vyeti, na chini yake akaandika: Mimi ndiye niliyemwambia ashuke.